Siku Moja Ostia, Mji wa Makuli



Mtu akitaja magofu ya Warumi, aghalabu mawazo ya msikilizaji hukimbilia kwenye uwanja mkubwa wa Colosseum, mahali ambapo watu na wanyama walichinjana ili umati ufurahi. Sina ugomvi na wanaokwenda huko. Hata mimi nimekwenda, nikapanga foleni, nikatazama, nikatoka. Lakini Jumapili hii nataka tuongozane hadi mahali pengine, ambapo hapakujengwa kwa ajili ya fahari ya mfalme bali kwa ajili ya kazi. Panaitwa Ostia, na hapo ndipo palipokuwa mji wa bandari wa Roma. Mle walikaa makuli, waokaji mikate, madobi, wakunga, mafundi wa majahazi na makarani wa maghala. Nyumba zao zimebaki. Ukipita barabarani unaweza kuchungulia vyumba walivyopanga, kaunta ya mgahawa walikonunua chakula, na hata vyoo walivyotumia.

Kwa aliye Roma, safari hii ni nyepesi na haina gharama. Treni huondokea stesheni ya Porta San Paolo, na tikiti ile ile ya basi la mjini inatosha kukufikisha. Karibu na stesheni, kabla hujapanda, utashangaa kuiona piramidi, kana kwamba Misri imehamia Ulaya. Ni kaburi la tajiri mmoja, Gaius Cestius, aliyefariki zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaliwa Kristo. Maandishi ubavuni mwake yanatangaza kwamba kazi yote ilikwisha kwa siku 330. Jina la marehemu limechorwa kwa herufi kubwa; waashi waliokimbizana na siku hizo 330 hawatajwi hata mmoja. Ninalitaja jambo hilo kwa sababu huko tuendako, makabwela nao wameacha majina.

Baada ya nusu saa hivi unashuka Ostia Antica. Neno Ostia limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, kwa kuwa mji ulikaa pale ambapo Mto Tiber ulimwaga maji yake baharini. Leo usitazamie kuiona bahari. Mchanga ulioletwa na mto umeisukuma mbali, kiasi cha kilometa 3, na bandari imebaki katikati ya nchi kavu penye misonobari na nyasi.

Chukua maji ya kunywa na uvae viatu visivyo na visigino, kwa maana utatembea juu ya mawe makubwa ya barabara ile ile waliyoipita wao. Kwanza unapita kati ya makaburi, kwani sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji. Kisha unafika kwenye lango, na kutoka hapo barabara kuu inanyooka mbele yako kwa zaidi ya kilometa moja. Mji huu ulianza kama ngome ndogo ya askari katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Kufikia karne ya 2 baada ya Kristo ulikuwa umefurika watu. Kisio litajwalo mara nyingi ni watu 50,000.

Upande wa kulia utaona hamamu za umma, na sakafuni mungu wao wa bahari akikokotwa na farasi wanne wenye mikia ya samaki, picha nzima ikiwa imeundwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe. Watalii husongamana hapo kupiga picha. Wewe tazama kisha uendelee, upite kambi ya kikosi cha zimamoto, ambacho hakikuwekwa pale kwa bahati, maana mji uliojaa nafaka na mafuta hauwezi kulala bila mlinzi wa moto. Upite pia ukumbi wa michezo, ambao umekarabatiwa na hadi sasa huchezewa maigizo wakati wa kiangazi. Nyuma ya ukumbi huo ndipo ninapokusihi usimame.

Pale pana uwanja mpana wenye vyumba vidogo vipatavyo 60, vilivyopangwa pande tatu. Wataalamu wengi wanaamini vilikuwa ofisi za wenye meli na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya Bahari ya Mediterania. Mbele ya vyumba hivyo, sakafuni, mna picha za vijiwe zilizofanya kazi ya kibao cha duka: meli zenye matanga, mnara wa taa, pomboo, kipimo cha nafaka, na kuli mmoja akihamisha mtungi kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kuna na majina ya bandari. Inama uyasome. Cagliari ya Sardinia imo, na Narbonne ya Ufaransa. Lakini utakayokutana nayo tena na tena ni majina ya Afrika. Wenye meli wa Carthage, katika Tunisia ya leo, wameandika kwamba sakafu yao waliigharimia wenyewe. Watu wa Hippo Diarrhytus, mji ambao sasa unaitwa Bizerte, nao wapo. Watu wa Sabratha, katika Libya ya leo, hawakuhitaji maneno mengi. Chini ya jina lao wamechora tembo.

Tembo yule si wa kwetu, na nisingependa msomaji aniletee barua kwamba nimedai hivyo. Walakini kitabu kimoja cha mabaharia cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinaeleza juu ya pembe za ndovu zilizonunuliwa Rhapta, bandari iliyokuwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki na ambayo mahali pake hapajagunduliwa. Kwa hiyo pwani yetu ilikuwa imekwisha kuingia katika hesabu za wafanyabiashara wa dunia ile.

Lakini pembe zilikuwa mapambo ya matajiri. Shughuli hasa ya Ostia ilikuwa ngano.

Jiji la Roma halikuweza kujilisha. Tangu kabla ya enzi ya makaisari, serikali ilikuwa ikiwapa raia wanaume waliokaa Roma mgawo wa ngano bila malipo. Chini ya Kaisari Augustus waliopokea walikuwa kama 200,000, kila mmoja akipata vipimo 5 kwa mwezi, yapata kilo 33. Ngano hiyo, pamoja na ile iliyouzwa sokoni, ilitoka wapi? Josephus, mwandishi Myahudi wa karne ya 1, ametuachia jibu katika moja ya vitabu vyake: Afrika iliilisha Roma kwa miezi 8 ya mwaka, na Misri kwa miezi 4. Afrika lilikuwa wakati huo jina la jimbo lao lililokuwa mahali pa Tunisia ya leo na sehemu za nchi jirani. Hata kama Josephus alitia chumvi kidogo, hesabu yake inasema wazi nani alilima na nani alikula. Nyingine ilinunuliwa, ni kweli. Lakini nyingi ilikuwa kodi, au mavuno ya mashamba ya Kaisari mwenyewe. Aliyeko Roma alipewa bure. Mkulima wa bonde la Tunisia aliyeshika jembe hakupewa chochote bure, na baada ya kulipa alichodaiwa alibaki na kile kilichosalia.

Kati ya mkulima na mlaji alisimama kuli wa Ostia. Meli kubwa za baharini hazikuweza kupanda Mto Tiber, kwa hiyo kila gunia lilipaswa kushushwa, kupimwa, kuwekwa ghalani, na kisha kupakiwa katika mashua za mtoni zilizovutwa kwa kamba kutoka ukingoni mpaka Roma. Katika ukumbi wa chama cha wapimaji nafaka kuna picha ya vijiwe inayoonyesha kazi yenyewe. Mchukuzi anakuja na gunia begani. Kipimo kimewekwa chini. Mpimaji amesimama na ufito mkononi, tayari kuupitisha juu ya kipimo ili nafaka iliyozidi iangukie pembeni. Wazee wetu waliojua tofauti ya kibaba cha tele na kibaba cha mfuto wangeielewa picha hiyo bila mkalimani, na wangejua pia kwamba ugomvi mwingi wa sokoni huanzia kwenye ufito ule.

Picha nyingine ya namna hiyo ilipatikana katika kaburi la hapa hapa Ostia, ingawa sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Vatican. Inaonyesha mashua iitwayo Isis Giminiana ikipakiwa nafaka. Nahodha wake ametajwa kwa jina, Farnaces, na mtu asimamiaye upimaji ni Abascantus. Makuli wanapanda ubao wakiwa na magunia. Juu ya mmoja wao limeandikwa neno moja la Kilatini, feci, yaani nimefanya. Nimesoma maandishi mengi ya makaisari yaliyochongwa juu ya matao ya ushindi, na hakuna lililonigusa kama neno lile la mtu wa magunia.

Tuingie mitaani sasa. Watu wengi hudhani kwamba kila Mrumi alikaa katika nyumba yenye bustani na chemchemi. Nenda kwenye jengo liitwalo Nyumba ya Diana, la katikati ya karne ya 2, uone mambo yalivyokuwa. Ni nyumba ya ghorofa ya kupangisha, iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma. Chini, upande wa barabarani, ni maduka. Ndani ni vyumba, vingine havina dirisha la maana, na kwa wapangaji wote pana choo kimoja cha pamoja. Ngazi zinapanda kuelekea ghorofa za juu ambazo nyingi zimekwisha kuanguka. Kwa kawaida, kadiri mtu alivyozidi kuwa maskini ndivyo alivyopanda ngazi nyingi zaidi, mbali na maji na mbali na mlango wa kukimbilia moto ukizuka. Wenye nyumba walikuwa wakipandisha kuta ili wapate kodi zaidi, mpaka serikali ikalazimika kuweka mpaka. Augustus alikataza kuzidi futi 70 za Kirumi, kama meta 20 na nusu. Baadaye Kaisari Trajan akapunguza hadi futi 60. Sheria haitungwi bila kosa kutangulia.

Vyumba vingi vya kupanga havikuwa na jiko, kwa hiyo watu walikula nje. Mkabala na Nyumba ya Diana kuna mgahawa ambao ungeweza kufunguliwa kesho asubuhi. Kaunta yake ya marmaru ipo, rafu zipo, na ukutani mmechorwa vyakula, ili asiyejua kusoma aonyeshe kwa kidole. Nyuma kuna ua mdogo wenye benchi kwa wanaotaka kukaa. Hatua chache kutoka hapo utakuta kiwanda cha mikate, na mawe ya kusagia ya rangi nyeusi, marefu kufikia kifua cha mtu, yakiwa bado yamesimama. Punda walifungwa hapo, wakazunguka usiku kucha. Nao madobi walikuwa na mabirika yao na mitungi. Nguo zilikanyagwa kwa miguu ndani ya maji yaliyochanganywa na mkojo uliokusanywa mitaani, kwa kuwa sabuni kama yetu hawakuwa nayo. Usicheke, msomaji. Joho jeupe la mbunge wa Roma lilipata weupe wake kwenye miguu ya dobi.

Karibu na hamamu za katikati ya mji viko vile vyoo vya umma ambavyo watoto huvipenda kuliko kitu kingine chochote Ostia: viti vya marmaru vyenye matundu, kama 20, vimepangwa ukutani bila pazia wala kizuizi, jirani na jirani. Maji yalipita chini yake mfululizo. Faragha haikuwapo, lakini usafi ulikuwapo, na hilo si jambo la kudharau katika mji wa makuli.

Mama wa nyumba anayesoma ukurasa huu huenda anauliza wanawake walikuwa wapi. Walikuwapo, na makumbusho ya Ostia yana ushahidi. Kuna jiwe la nakshi linalomwonyesha mwanamke nyuma ya kaunta yake akiuza kuku na matunda. Mbele yake mna kizimba cha sungura na kikapu cha konokono, na kando wamekaa nyani wawili, bila shaka wa kuvutia wateja. Kuna pia bamba la udongo wa kuchoma lililotoka katika makaburi ya Isola Sacra, ng'ambo ya mji. Mwanamke amekaa juu ya kiti cha kuzalia, mwenzake amemshika kwa nyuma, na mkunga ameketi mbele kwenye kigoda. Mkunga huyo ni Scribonia Attice. Alijenga kaburi hilo yeye, kwa ajili ya nafsi yake, mumewe Marcus Ulpius Amerimnus, mama yake mzazi, na wengine wa nyumba yao. Mumewe alikuwa mganga, naye ameonyeshwa akitibu mguu wa mgonjwa. Si malkia wala mke wa jemadari. Ni mkunga wa mtaani aliyetaka akumbukwe akiwa kazini.

Na kabla hatujaondoka, simama mbele ya ghala moja yenye lango zuri la matofali. Juu yake yameandikwa majina ya wenyewe, Epagathus na Epaphroditus. Ni majina ya Kigiriki, ya aina waliyopewa watumwa, na wataalamu wanaamini kwamba walikuwa watumwa walioachwa huru wakafanya biashara. Je, waliwatendea vema watumwa wao? Maana hakuna shaka nao walikuwa na wao. Milango ya ndani ilikuwa na makufuli mazito. Utumwa haukukoma kwa sababu wawili walipita langoni.

Mji huu haukuchomwa na adui kwa siku moja, wala haukufunikwa na majivu ya volkeno kama Pompeii. Ulikufa kwa kunyimwa kazi. Mdomo wa mto ulikuwa ukijaa mchanga, na mwaka 42 Kaisari Claudius alianza kujenga bandari mpya, Portus, kilometa chache kaskazini. Trajan akaongeza bwawa la pembe sita ambalo lipo hadi leo. Kwa muda miji yote miwili ilinufaika. Kisha meli zikazidi kwenda kule, na maofisi yakafuata meli. Waliobaki Ostia katika karne za mwisho walikuwa matajiri wachache waliojenga nyumba za fahari juu ya ghorofa tupu za wafanyakazi. Baadaye hata hao waliondoka. Marmaru ilivunjwa na kuchomwa kuwa chokaa. Mwaka 1557 mafuriko yaliuhamisha mto wenyewe, ukaacha njia yake ya kale. Kilichobaki kilikuwa kinamasi na malaria.

Waliokomesha kinamasi hicho ni watu ambao vitabu vya watalii huwasahau. Novemba mwaka 1884 waliteremka hapa vibarua wapatao 500 kutoka Ravenna, mashariki ya Italia, watu wasio na ardhi waliokuwa wameunda chama chao cha ushirika mwaka uliotangulia. Walichimba mifereji kwa sepetu na toroli. Malaria iliwaua wengi. Ardhi ikakauka, na watu wakaweza kukaa tena mahali hapa. Sehemu kubwa ya magofu tunayoyaona ilifukuliwa baadaye, kati ya mwaka 1938 na 1942, wakati serikali ya Kifashisti ya Mussolini ilipotaka kujitapa katika Maonyesho ya Dunia yaliyopangwa kufanyika Roma mwaka 1942. Vita iliyazuia maonyesho, lakini haraka ilikuwa imekwisha kuleta hasara: tabaka za juu, za maisha ya mwisho ya mji, ziliondolewa bila kuandikwa inavyostahili. Ndiyo maana tunajua mengi ya siku za neema za Ostia, na machache ya siku zake za dhiki.

Ukitoka, usikimbilie treni. Vuka uingie kijiji kidogo chenye ngome, ulitafute kanisa la Sant'Aurea. Mwaka 387, Ostia ikiwa tayari imechakaa, ilifika hapa familia ya Waafrika iliyongoja meli ya kurudi nyumbani, katika Algeria ya leo. Mwana alikuwa Augustino, mwalimu aliyekuwa amebatizwa mwaka huo huo mjini Milan. Mama yake, Monika, alishikwa na homa, na siku ya tisa akafariki, akiwa na miaka 56. Mwanawe ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha Maungamo. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa na shauku moja, azikwe nyumbani kando ya mumewe, na kaburi alikuwa amekwisha kuliandaa. Mwanawe mwingine, alipomwona anazidiwa, alisema ingekuwa heri afie kwao kuliko ugenini. Mama akamtazama kwa kumkemea. Akawaambia wanawe wauzike mwili popote, wala jambo hilo lisiwasumbue. Alichowaomba ni kumkumbuka katika sala.

Wakamzika Ostia. Mwaka 1430 mabaki yake yalihamishiwa Roma, na watu wakasahau mahali alipolazwa kwanza. Kiangazi cha mwaka 1945, vita ikiwa imekwisha, vijana wawili walikuwa wakichimba shimo karibu na kanisa ili wasimike nguzo ya kuchezea mpira. Wakagonga jiwe. Lilikuwa kipande cha maandishi ya kaburi la Monika, na sasa limewekwa ndani ya kanisa, unaweza kulisogelea. Kutoka hapo hadi stesheni ni mwendo wa dakika chache, kwa daraja la watu wa miguu lipitalo juu ya barabara kuu.